Kwa nini jumba la maduka lililofungwa huoza upesi kuliko magofu ya Gedi

Kila jumba la maduka linapofungwa Mombasa, maelezo huwa tayari kabla hata kufuli halijatiwa. Wa kwanza atasema limeingiwa na majini. Wa pili atasema mwenyewe alikuwa akisafisha pesa, sasa ameshikwa. Wa tatu atakuonyesha simu yake: watu siku hizi wanaagiza mtandaoni, nani aende dukani? Na wa nne, mwenye moyo wa subira, atasema si neno, zege haliozi, siku moja atatokea tajiri alipake rangi na mambo yarudi kama zamani.

Huyo wa nne ndiye wa kujibiwa kwanza, kwa sababu maneno yake ndiyo yanayofanya watu waweke vibanda chini ya dari lililovimba na watoto wacheze mpira kwenye maegesho ya ghorofa. Zege huoza, tena kwa hewa ya Pwani huoza mapema. Nenda Gedi, karibu na Watamu. Mji ule ulihamwa karne ya 17, ukakaa msituni karne kadhaa bila paa wala mlinzi kabla ya wataalamu kuanza kuuhifadhi. Kuta za kasri na za msikiti mkuu bado zimesimama, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jumba la ghorofa nne la vioo na zege, likiachwa hivyo hivyo kando ya bahari, halitasubiri karne hata moja. Sababu imefichwa ndani ya ukuta, na tutaifikia.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Jumba la maduka ni jengo moja, la mwenye mmoja, lenye wapangaji wengi wanaotumia paa, vyoo, lifti na maegesho ya pamoja. Mpangaji mkuu ni yule anayechukua nafasi kubwa kupita wote, kwa kawaida supamaketi, na ndiye anayevuta watu. Sevisi chaji ni pesa ambayo kila mpangaji hulipa juu ya kodi kwa ajili ya mambo ya wote: walinzi, usafi, stima ya korido, dizeli ya jenereta, fundi wa lifti, kuzoa taka. Tena kuna jengo tupu na kuna jengo lililotelekezwa. Jengo tupu halina wapangaji lakini bado lina mtu anayepanda juu kuzibua mlizamu. Lililotelekezwa halina hata huyo. Pesa inayotenganisha hali hizo mbili ni kidogo ajabu ukilinganisha na inayopotea baadaye.

Wote wanakula sinia moja

Muuza leso wa Biashara Street akifunga duka, jirani yake hapungukiwi na kitu. Pengine hata wateja humwongezekea. Kila mmoja ana mlango wake unaotazama barabara, na barabara si mali ya yeyote kati yao. Ndani ya jumba la maduka hali ni ya watu waliozunguka sinia moja la pilau. Wawili wakiinuka, bei ya mchele na nyama haipungui. Waliobaki ndio watakaoilipa.

Mtindo huu wa jumba lililofungwa pande zote ulianzia Marekani. Southdale, lililofunguliwa mwaka 1956 huko Edina, Minnesota, kwa usanifu wa Victor Gruen, ndilo la kwanza la aina yake. Minnesota ina theluji na baridi kali, na wazo lilikuwa mtu anunue bila koti, ndani ya hewa ya kiwango kimoja mwaka mzima. Sisi tuliuchukua mtindo ule tukauleta kwenye joto, kisha tukautilia viyoyozi. Ndiyo maana jumba la maduka la Mombasa lafaa lihesabiwe kuwa mashine kabla ya kuhesabiwa nyumba. Nyumba ya Mji wa Kale ina madirisha yanayopitisha upepo hata mwenyewe akisafiri. Mashine ikizimwa, imezimika.

Sasa tupige hesabu, ya mfano tu. Jumba lina futi za mraba 100,000 za kupangisha. Supamaketi imechukua 40,000 na kwa sababu ndiyo inayoleta watu, inalipa kodi ya chini, tuseme shilingi 60 kwa futi. Maduka madogo yamegawana 60,000 kwa shilingi 150. Kodi ya mwezi ni milioni 2.4 kutoka supamaketi na milioni 9 kutoka kwa wadogo. Gharama za pamoja ni milioni 2.5, kwa hiyo sevisi chaji ni shilingi 25 kwa futi.

Supamaketi ikiondoka, mwenye jumba amepoteza chini ya robo ya kodi, na kwa macho ya haraka jambo hilo lavumilika. Lakini walinzi ni wale wale, lifti ni ile ile. Ile milioni 2.5 sasa inaangukia futi 60,000, na sevisi chaji inapanda hadi karibu shilingi 42. Anayepandishiwa ni yule yule ambaye wateja wake wamepungua, kwa sababu waliokuwa wakija kununua unga na mafuta ndio waliokuwa wakipitia kwake kununua viatu. Nusu ya wadogo wakihama, waliobaki wanadaiwa zaidi ya shilingi 83. Hapo hakuna anayeweza kulipa. Mwenye jumba, ambaye bado ana mkopo wa benki, anaanza kupunguza matumizi: ngazi za umeme zinazimwa, kiyoyozi kinawashwa saa sita mchana badala ya saa tatu asubuhi, choo kimoja kinafungwa. Kila punguzo linafukuza wateja wengine.

Hivi ndivyo yalivyo mauti ya kwanza ya jumba, na huanza huku taa zikiwaka bado. Kenya imeyaona kwa wingi. Supamaketi ya Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa. Tuskys ikafuata kwa kufunga matawi moja baada ya jingine. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia mwaka 2018, na kufikia 2021 ilikuwa imeshafunga virago. Majumba yaliyompata mpangaji mkuu mwingine kwa haraka yalipona. Yaliyokaa na lile pengo miezi mingi, na kioo kikubwa kimebandikwa magazeti kwa ndani, ndiyo yaliyoteremka.

Kwa hiyo yule mwenye simu mkononi ana chembe ya ukweli tu. Biashara ya mtandaoni inakula sehemu ya viatu na simu, lakini kilichoua majumba mengi hapa ni supamaketi zilizopanuka kwa madeni, na majumba mengi kujengwa kwa wateja wale wale. Ama kuhusu pesa chafu, huenda ikawako mahali, lakini haihitajiki ili kueleza kifo cha jumba. Hesabu ya futi 60,000 hapo juu inatosha.

Kwa nini haliuzwi?

Hili huwatatiza watu sana. Mali ya mamilioni imekaa, hakuna anayeigusa. Ukweli ni kwamba wanaoigusa ni wengi mno, na kila mmoja amemshika mwenziwe mkono.

Benki ikitaka kuuza mali iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaidai itoe notisi ya miezi mitatu ya kudai deni, kisha nyingine ya siku 40 ya kuuza, na dalali naye ana notisi yake ya siku 45. Tena benki ina wajibu wa kutafuta bei ya haki. Mwenye mali akienda kortini kulalamika kwamba jumba linauzwa kwa bei ya kutupa, au kwamba riba imehesabiwa vibaya, hupata amri ya kusimamisha mnada, na kesi ikianza kuahirishwa miaka hupita. Wakati huo benki haitaki kutoa pesa za matunzo kwa mali isiyo yake bado, na mwenyewe hataki kutia pesa kwenye mali anayoona inamponyoka. Juu yake kuna malimbikizo ya kodi ya ardhi, madai ya kaunti, bili za maji na stima. Mnunuzi anapojumlisha hayo na gharama ya ukarabati, huona heri anunue kiwanja kitupu.

Hata ng'ambo huwa hivyo. Jumba la maduka la Dixie Square, katika mji wa Harvey jimbo la Illinois, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1966 likafungwa 1978. Lilibomolewa 2012. Lilidumu gofu karibu mara tatu ya muda lililodumu soko.

Wengine husema ukikaa kwenye jengo la watu miaka 12 linakuwa lako. Sheria hiyo ipo, lakini masharti yake ni magumu: lazima ukae waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, na haihusu ardhi ya serikali. Bawabu aliyewekwa na mwenye jumba amekaa kwa ruhusa, hata akilala pale miaka 30. Mwenye kibanda anayempa mwenye jumba elfu mbili kwa mwezi naye yuko kwa ruhusa.

Siku stima inapokatwa

Mauti ya pili ni ya jengo lenyewe, na huanza kimyakimya ndani ya wiki za kwanza.

Chukua friji, izime, ufunge mlango, urudi baada ya mwezi. Harufu ile na ukungu ule ndio utakaokutana nao ndani ya jumba. Unyevu wa hewa ya Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70, na kiyoyozi kilikuwa kikiukamua kila siku. Ndiyo maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye paipu ya nje. Kikizimwa, unyevu unabaki ndani na joto halina pa kutokea kwa kuwa madirisha hayakutengenezwa ya kufunguka. Dari za jipsamu hunyonya maji, zikalegea, zikaanguka kipande kipande. Mbao za kusaga hufura. Zulia huota ukungu.

Vyooni nako kuna kitu kidogo ambacho hakuna anayekifikiria. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafu kuna bomba lililopinda ambalo hubaki na maji, kina chake sentimita tano hadi saba na nusu. Maji hayo ndiyo kizibo kati yako na bomba la maji machafu. Vyoo visipotumika, hukauka baada ya wiki chache, na mlango wa mende, panya na hewa ya tangi la maji taka ukawa wazi. Watu husema jumba limeanza kunuka laana, na hali dawa yake ni ndoo moja ya maji kila tundu, kila wiki mbili, na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke upesi.

Pampu za chini nazo zimenyamaza. Shimo la lifti na maegesho ya chini ya ardhi hukaushwa na pampu inayojiwasha maji yakifika kiwango fulani. Bila stima, maji hupanda yakasimama. Hapa tuangalie Bangkok. Jumba la New World lilifungwa mwaka 1997 baada ya kubainika kwamba ghorofa zake za juu zilivunja sheria ya ujenzi, likaungua 1999, likabaki bila paa. Mvua ikalijaza likawa bwawa, mbu wakazaliana hadi majirani wakatia samaki wawale mbu hao. Mwaka 2015 wakuu wa jiji walitoa samaki zaidi ya 3,000 humo ndani. Picha zake zilipendwa duniani kote, lakini kwa mji kama wetu, uliopatwa na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, na ambao homa ya dengi huurudia, bwawa la aina hiyo ni balaa tupu. Mbu anayebeba magonjwa hayo hutoka yai hadi mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi, na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Kulifyonza shimo la lifti mara moja hakutoshi; kuta zake zisuguliwe.

Halafu huja wenye misumeno. Utaratibu wao haubadiliki sana: kwanza mabomba ya shaba ya viyoyozi, kisha nyaya, kisha mifuniko ya mashimo, kisha fremu za alumini, mwisho mabati. Biashara ya vyuma vikuukuu iliwahi kupigwa marufuku nchi nzima Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikafunguliwa tena Mei mwaka huo huo. Kinachosahaulika ni kwamba anayeng'oa fremu ya shilingi elfu mbili anaacha tundu la mita mbili linaloingiza mvua na chumvi, na anayekata bomba la maji ya kuzima moto analiacha jengo zima bila kinga.

Paa, kisha chumvi

Majumba mengi ya maduka yana slabu bapa juu, imefunikwa utando wa lami, ikiwa na mteremko mdogo unaopeleka maji kwenye matundu machache. Jua huupasua utando. Mfuko mmoja wa nailoni na majani ya mwarobaini huziba tundu. Masika yakianguka, maji hayana pa kwenda. Sentimita kumi za maji juu ya paa la mita za mraba 2,000 ni lita 200,000, yaani tani 200, sawa na mifuko 4,000 ya simiti. Slabu isiyo na kasoro itaubeba uzito huo. Tatizo ni kwamba maji yaliyosimama yana wakati wote wa kutafuta ufa, na chini ya ufa kuna nondo, vile vyuma vinavyolipa zege nguvu kwa ndani.

Zege likiwa jipya ni lenye magadi makali, na ndani ya hali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba sana inayokizuia kushika kutu. Mambo mawili huivunja ngozi hiyo. La kwanza ni hewa ya ukaa, inayopenya polepole kutoka nje na kuyatuliza yale magadi. Fundi akitaka kujua imefika wapi, huvunja kipande cha zege akanyunyizia dawa iitwayo fenofthalini: palipo salama hugeuka waridi iliyokoza, palipokufa hubaki rangi yake ile ile ya kijivu. La pili ni chumvi, na yenyewe haina haja ya kungoja magadi yaishe. Upepo wa kusi hutuletea chembe za maji ya bahari moja kwa moja. Na pale mkandarasi alipotumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha, chumvi imo ndani tangu siku ya kwanza.

Tazama nguzo moja ya upande wa bahari, ile ambayo rangi imeanza kutoka. Kwanza utaona mstari wa kutu, rangi ya udongo mwekundu, unaoteremka kama machozi. Mwaka unaofuata kuna ufa ulionyooka toka juu kwenda chini, umefuata nondo ya pembeni kana kwamba umepigwa rula. Gonga kwa nyundo ndogo: mahali pazima hulia kavu, mahali hapa hulia kama mtungi mtupu. Kisha siku moja kipande cha unene wa kitabu kinajibandua na kuanguka, na ndani nondo imevaa magamba meusi na mekundu unayoweza kuyamenya kwa ukucha. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Ni kama mchele uliotiwa kwenye sufuria ndogo ukafunikwa: ukivimba, kifuniko kitainuka tu.

Hesabu yake inatisha. Nondo ya milimita 12 iliyoliwa milimita moja kila upande imebaki na milimita 10. Kwa jicho ni tofauti ndogo, lakini nguvu ya chuma inafuata eneo lake, na hapo karibu asilimia 30 imekwenda.

Hapa ndipo penye siri ya Gedi. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hamna chuma ndani, kwa hiyo hamna cha kuvimba. Chumvi na mvua huzila kutoka nje, chembe kwa chembe, wakati jumba letu linapasuliwa kutoka ndani na kile kile kilichotiwa kulipa nguvu. Kila anayedhani jengo jipya lazima lidumu kuliko la kale angelitafakari hilo.

Wala kuporomoka hakungoji jengo liwe gofu. Huko Elliot Lake, Kanada, jumba la Algo lilifunguliwa mwaka 1980 likiwa na maegesho juu ya paa, na paa lilivuja tangu mwanzo. Magari yaliingia na maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Wenye jumba waliziba hapa na pale, wakatega ndoo. Juni 23, 2012, kiungo kimoja cha chuma kilichokuwa kimeliwa na kutu kwa miaka 30 kikaachia, maegesho yakashuka hadi ndani ya maduka, na watu wawili wakafa. Lilikuwa wazi siku hiyo, watu wakinunua vitu. Wao chumvi yao ililetwa na magari. Yetu inaletwa na upepo, bila kukosa msimu.

Ama majini, mtu hakatazwi imani yake. Lakini sauti za usiku zina maelezo. Mabati na fremu ndefu zilizotanuka mchana hujikunja jua likitua, na kila zinapoteleza kwenye skrubu hupiga kishindo. Njia za hewa za viyoyozi, zikiwa zimekatwa ncha, huvuma kama siwa upepo ukipita. Popo nao wapo. Vumbi la kinyesi chao ndilo la kuogopwa zaidi ya sauti yao, kwa hiyo anayeingia kusafisha afunike pua na mdomo na alimwagie maji kabla ya kulifagia.

Rangi, godauni na nyumba za kupanga

Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, na mji ukapendeza. Lakini wahenga wa huku huku walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Rangi juu ya zege lenye chumvi huficha ile mistari myekundu kwa msimu mmoja au miwili, na hapo hata fundi mwangalifu hupitwa na dalili. Kufufua jumba huanza na paa na mifereji, kisha kupima zege, kisha kubandua lote linalolia tupu hadi nyuma ya nondo, kuisugua nondo hadi ing'ae, kuongeza nyingine pale iliposhuka, ndipo uzibe upya. Stima na lifti hufuata. Rangi ni ya mwisho.

Mara nyingi mwenye jumba, akiwa na shida, hukodisha kwa matumizi mengine: kanisa, chuo, ofisi, godauni. Hapa lazima tusimame. Sakafu ya maduka kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 400 kwa mita ya mraba. Nyumba ya kuishi ni kama 150, ofisi kama 250, kwa hiyo kuligeuza kuwa vyumba au ofisi hakuna shida ya uzito; shida ni mwanga, kwa kuwa katikati ya jengo hakuna dirisha, na mabomba, kwa kuwa vyoo vyote viko kona moja. Godauni ni jambo jingine. Mifuko kumi ya simiti iliyopangwa mmoja juu ya mwingine ni nusu tani juu ya eneo dogo kuliko meza ya kahawa, yaani zaidi ya kilo 1,300 kwa mita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara tatu, tena juu ya nondo iliyokwisha kuliwa. Mchele na sukari havina huruma zaidi ya simiti. Bidhaa nzito zikae chini kabisa, juu ya ardhi, au zisikae.

Kwa anayetaka kupanga duka kwenye jumba lililo hai, dalili ziko wazi mapema. Uliza mpangaji mkuu amebakiza miaka mingapi kwenye mkataba. Nenda Jumanne mchana, Jumamosi itakudanganya. Angalia ghorofa ya juu, si ya chini. Uliza sevisi chaji ya miaka mitatu iliyopita, uione kwa karatasi. Mikataba mingi ya majumba haya huandikwa miaka mitano na miezi mitatu au miaka sita, kwa sababu sheria inayomlinda mpangaji wa duka, ile yenye baraza lake la kusuluhisha kodi, huishia kwenye mikataba isiyozidi miaka mitano. Ukishatia saini huo mrefu, umefungwa hata supamaketi ikihama kesho. Dai kifungu kinachokuruhusu kutoka, au kulipa nusu, iwapo nafasi ya mpangaji mkuu itakaa tupu miezi sita. Na kama umeombwa kilemba, yaani pesa ya kuingilia duka, kwenye jumba ambalo ngazi zake za umeme hazitembei, usikitoe.

Wanaoishi ubavuni mwa jumba lililotelekezwa hawana mkataba wa kudai, lakini wana macho. Ukiona ufa kwenye nguzo au chini ya boriti ya zege, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe pembeni. Rudi baada ya mwezi. Ufa uliovuka alama unatembea, na unaoingiza ukingo wa sarafu ya shilingi umeshatembea mbali. Piga picha ukiwa na ile tarehe ndani ya picha, uipeleke idara ya ujenzi ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Vibanda, bodaboda na watoto vikae mbali na ukuta, umbali usiopungua kimo chake mara moja na nusu, hadi atakapokuja mtu mwenye nyundo na ile dawa ya waridi.